Saratani ya mfuko wa uzazi inapofika kwenye ovari: ni ugonjwa mmoja au miwili?

Saratani iliyoanzia kwenye mfuko wa uzazi ikikutwa pia kwenye ovari, watu wengi hukata tamaa papo hapo. Ndugu huanza kuulizana kama kuna haja ya kuuza kiwanja ili kulipia matibabu. Mgonjwa mwenyewe huomba arudishwe nyumbani. Wapo wanaohamia kwenye dawa za mizizi, na wanaporejea hospitali tumbo limeshajaa maji. Yote hayo hutokana na imani kwamba saratani ikishaonekana mahali pawili basi imesambaa, na ikishasambaa hakuna la kufanya.

Imani hiyo haiwahusu wagonjwa wote. Kwa baadhi ya wanawake, saratani kwenye ovari ni ishara ya ugonjwa mkali uliokwishaenda mbali. Kwa wengine ni ugonjwa ambao upasuaji peke yake unaweza kuuponya. Tofauti kati ya makundi hayo mawili huwezi kuiona kwa macho wala kuihisi kwa kupapasa tumbo. Inapatikana maabara, chini ya hadubini, na siku hizi ndani ya vinasaba vya seli zenyewe. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba ugonjwa "umefika kwenye ovari", bila maelezo ya ziada, ameambiwa nusu ya habari, na kwa nusu hiyo watu wamefanya maamuzi ambayo hawakuweza kuyarudisha nyuma.

Kwanza tutenganishe magonjwa yenyewe, kwa sababu mitaani yote huitwa saratani ya kizazi. Inayojulikana zaidi kwetu ni ya mlango wa kizazi, ile inayoletwa na virusi vya HPV. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa nayo na wengine wapatao 350,000 walifariki kwa ajili yake, na nchini Tanzania ndiyo saratani inayowapata na kuwaua wanawake wengi kuliko nyingine yoyote. Hiyo ndiyo wasichana wetu wanayochanjwa dhidi yake shuleni, na ndiyo inayotafutwa kwa kipimo cha siki kwenye kliniki.

Ya pili ni ya mfuko wa uzazi wenyewe. Huanzia kwenye ukuta laini wa ndani, ule unaojijenga kila mwezi kusubiri mimba na kumomonyoka mimba isipotunga. Mwaka huohuo wa 2022 iliwapata wanawake wapatao 420,000 duniani. Haisababishwi na HPV, chanjo haiizuii, na kipimo cha siki hakiioni. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna mama zetu waliopimwa mlango wa kizazi, wakaambiwa wako salama, na damu ilipoanza kuwatoka wakajipa moyo kwa majibu yale ya zamani. Kipimo kile kilitazama mlango tu. Chumba cha ndani hakikuguswa.

Chakula cha saratani hii, kwa sehemu kubwa, ni homoni ya estrojeni isiyokuwa na mwenzake projesteroni wa kuituliza. Mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni hata baada ya ovari kustaafu, ndiyo sababu unene wa kupindukia ni kihatarishi kikubwa kuliko vingine. Kisukari kimo, kutowahi kuzaa kimo, na ule ugonjwa wa ovari kujaa vifuko vingi vidogo huku hedhi ikikaa miezi bila kuja umo pia. Mara chache mambo hugeuka, ovari yenyewe ikaota uvimbe unaomimina estrojeni na kuuchokoza ukuta wa mfuko wa uzazi hadi uzae saratani. Viungo hivi viwili hutumiana ujumbe maisha yote, na ugonjwa wa kimoja hauachi kukihusu kingine.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Saratani ya mfuko wa uzazi ina njia kadhaa za kutoka. Inaweza kuchimba misuli ya mfuko mpaka itokeze nje na kugusa viungo vya jirani. Inaweza kuingia kwenye mishipa ya limfu na kushika mitoki ya nyonga, kisha ile iliyopangana kando ya mshipa mkuu wa damu mgongoni. Inaweza kupanda damu hadi mapafuni au kwenye ini. Hizi ndizo njia ambazo saratani nyingi za mwili hutumia, na zote zinahitaji seli zipasue kitu kwanza.

Lakini mfuko wa uzazi una njia nyingine ambayo haihitaji kupasua chochote. Kwenye pembe zake mbili za juu kuna mirija, kila mmoja na urefu wa sentimita 10 hivi, iliyotandikwa ndani vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kulisukuma yai kutoka kwenye ovari kuelekea kwenye mfuko. Mwisho wa mrija haujaungana na ovari. Uko wazi, una nyuzinyuzi za nyama zinazoielemea ovari na kuifunika yai linapotoka. Maana yake ni kwamba kwa mwanamke kuna njia iliyo wazi kutoka nje ya mwili, kupitia ukeni na mfuko wa uzazi, hadi ndani kabisa ya tumbo.

Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson, aliyefanya kazi Albany katika jimbo la New York, aliandika kwamba wakati wa hedhi damu haitoki nje peke yake. Sehemu yake hurudi nyuma kupitia mirija na kudondokea tumboni pamoja na vipande hai vya ukuta wa mfuko wa uzazi. Kwa hoja hiyo alieleza asili ya endometriosisi, ugonjwa ambao nyama ya ukuta huo huota pasipo mahali pake, mara nyingi juu ya ovari. Kama nyama nzima inaweza kupita na kuota, nyama yenye saratani nayo inaweza. Nazi ikianguka baharini huelea mpaka ufuko mwingine ikachipua huko, wala haikuhitaji kuchimba njia ardhini.

Ushahidi wa njia hii umekuja pia kutoka kwa wanawake waliofunga uzazi. Mwaka 2015 Ashley Felix na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,000 wa saratani ya mfuko wa uzazi. Wale waliokuwa wamefungwa mirija miaka ya nyuma, kwa sababu za uzazi wa mpango, walikutwa na ugonjwa uliotapakaa tumboni kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Mrija uliofungwa ulikuwa umeziba njia. Vifo vya saratani hiyo navyo vilikuwa vichache kwao, ingawa nafuu hiyo ilitoweka watafiti walipolinganisha wagonjwa wa hatua moja. Hata hivyo asije mtu akaenda kufunga uzazi akidhani amepata kinga ya saratani.

Hapa ndipo lilipokuwa fumbo lililowasumbua wataalamu wa patholojia kwa miaka mingi. Kati ya kila wanawake 100 wenye saratani ya mfuko wa uzazi, kama 5 hukutwa na saratani kwenye ovari wakati uleule. Kwa wenye umri chini ya miaka 45 kiwango hicho hupanda sana. Mara nyingi uvimbe wa ovari hufanana mno na ule wa kwenye mfuko: aina ileile, tezi zilezile zilizojipanga ovyo, rangi ileile kwenye slaidi. Kwa kanuni za kawaida, huyo ni mgonjwa wa hatua ya tatu. Lakini wengi wao hawakuwa wakienda kama wagonjwa wa hatua ya tatu. Walitolewa kizazi na ovari, wakarudi makwao, wakaishi miaka mingi. Madaktari wakahitimisha kwamba bila shaka wanawake hao walipata saratani mbili tofauti kwa pamoja, zote changa, moja kwenye mfuko na nyingine kwenye ovari, bila uhusiano.

Mwaka 1985 Thomas Ulbright na Lawrence Roth, wataalamu wa Indiana, waliweka vigezo vya kutofautisha. Uvimbe ukiwa kwenye ovari zote mbili, ukiwa mdogomdogo wenye vinundu vingi, ukiwa umebandika juu ya uso wa ovari, na saratani ya mfuko ikiwa imechimba misuli kwa kina, basi hesabu kwamba umetoka kwenye mfuko. Ukiwa kwenye ovari moja, mkubwa, umekaa katikati, pengine kando yake pana endometriosisi, na ule wa kwenye mfuko haujachimba, basi hesabu kwamba ni saratani mbili. Kwa miaka thelathini vigezo vya namna hii ndivyo vilivyotumika kuamua nani anapewa dripu za tibakemikali na nani anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kisha vinasaba vikasomwa. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti, moja la Vancouver nchini Canada na jingine la New York, yalichapisha matokeo yao kwa wakati mmoja. Walichukua uvimbe wa mfuko na uvimbe wa ovari wa mwanamke mmoja na kulinganisha mabadiliko ya vinasaba ndani ya kila mmoja. Kundi la Vancouver lilichunguza wagonjwa 18, na kwa 17 kati yao uvimbe wote ulikuwa na asili moja. Hata wale ambao hadubini ilikuwa imesema wana saratani mbili, kumbe walikuwa na moja iliyohama.

Mimi naona hili ni miongoni mwa mambo ya kushangaza zaidi katika elimu ya saratani ya miaka hii. Kwa vinasaba, ugonjwa umesambaa. Kwa mwenendo, ni ugonjwa mpole. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba seli hizo zilifika kwenye ovari kwa kuelea kupitia mrija, bila kujifunza kupasua misuli wala kuingia kwenye mishipa. Zilikuta kwenye ovari mazingira yanayofanana na ya kwao, zikaota hapo na kukaa hapo. Saratani iliyosafiri namna hiyo haina nguvu za ile iliyofika kwa kubomoa.

Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi, FIGO, ambalo ndilo hupanga hatua za saratani hizi kwa dunia nzima, lililitambua jambo hilo katika mpangilio wake mpya wa mwaka 2023. Zamani saratani ya mfuko wa uzazi ikifika kwenye ovari moja kwa moja ilikuwa hatua ya tatu. Sasa lipo fungu linaloitwa IA3, ndani ya hatua ya kwanza kabisa. Masharti yake ni makali. Saratani iwe ya aina ya endometrioidi ya daraja la chini, yaani ambayo seli zake bado zinafanana na za kawaida. Isiwe imechimba nusu ya unene wa misuli ya mfuko. Seli zake zisikutwe kwa wingi ndani ya mishipa midogo. Ovari iliyoguswa iwe moja tu, na ganda lake liwe zima, halijatobolewa wala halijapasuka. Na pasiwe na saratani mahali pengine popote. Sharti moja likikosekana, mgonjwa anarudi hatua ya tatu.

Fikiria maana ya hayo kwa mama wa miaka 52 aliyelazwa wodini. Akiwa hatua ya tatu atahitaji tibakemikali, kwa kawaida karboplatini na paklitakseli kila baada ya wiki tatu kwa miezi kadhaa, na mara nyingi mionzi pia. Nywele zitanyonyoka, vidole vitakufa ganzi, na kama anatoka Kigoma au Lindi atalazimika kupanga chumba karibu na hospitali ya rufaa. Akiwa IA3, huenda upasuaji ukatosha. Kosa likienda upande wa pili ni baya zaidi: anayehitaji dawa akaambiwa yuko salama, na ugonjwa ukarudi akiwa shambani kwake, mbali na daktari yeyote.

Nisieleweke kwamba kila saratani iliyofika kwenye ovari ni ya upole. Aina iitwayo sirasi, ambayo huwapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa na haihitaji estrojeni ili ikue, ni kali tangu siku ya kwanza. Inaweza kuwa kidoa kidogo tu kwenye mfuko wa uzazi, lakini tayari seli zake zimepita mirijani na kubandika kwenye ovari zote mbili na kwenye utando unaofunika utumbo. Hapo ndipo maji hujaa tumboni, mgonjwa akashiba baada ya matonge mawili, na nguo zikambana kiunoni huku mashavu yakikonda. Tumbo la namna hiyo huchukuliwa na wengi kuwa vidonda vya tumbo au ini, na miezi hupotea.

Wanawake vijana nao wana hoja yao. Msichana wa miaka 34 ambaye hajazaa, au amezaa mara moja, akigundulika na saratani changa ya mfuko wa uzazi, kutolewa ovari ni kuingizwa kwenye ukomo wa hedhi kwa siku moja: joto la ghafla usiku, mifupa kudhoofika mapema, moyo kukosa kinga ya homoni. Kwa saratani ya daraja la chini ambayo haijachimba, madaktari bingwa wengi hukubali kuziacha ovari zikionekana nzima. Lakini huo ndio umri ambao uvimbe wa ovari huandamana zaidi na ule wa mfuko, kwa hiyo uamuzi wa kuziacha unahitaji ovari zikaguliwe vizuri kwa picha kabla ya upasuaji na kwa macho wakati wa upasuaji. Dada wa namna hii anastahili kukaa chini na daktari na kuelezwa pande zote mbili kabla hajatia saini fomu ya ridhaa.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi hesabu ni nyingine. Utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ile ya aina ya skwamasi, ambayo ndiyo iliyo nyingi, hufika kwenye ovari kwa wagonjwa chini ya 1 kati ya 100 katika hatua za mwanzo. Ile inayotokana na seli za tezi hufika kwa wagonjwa kama 5 kati ya 100. Ndiyo maana mwanamke kijana mwenye aina ya kwanza anaweza kuachiwa ovari zake, hata zikahamishwa juu ya nyonga ili mionzi isiziunguze.

Habari njema kuhusu saratani ya mfuko wa uzazi ni kwamba mara nyingi hujitangaza mapema. Kati ya wanawake 10 waliokuwa nayo baada ya kukoma hedhi, 9 walitokwa na damu ukeni. Si kila anayetokwa damu umri huo ana saratani. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha ni kama 9 kati ya 100. Lakini hao 9 hawajulikani mpaka wapimwe. Mama aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone moja kwenye kanga, hata ya rangi ya maji ya chai, aende hospitali. Wengine huona haya kuwaambia mabinti zao. Wengine hufurahi, wakidhani hedhi imerudi. Ugonjwa ukikutwa bado umo ndani ya mfuko, takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ukikutwa umeshafika viungo vya mbali, hawazidi 25.

Akifika hospitali, asiridhike na altrasaundi peke yake. Kawaida hupimwa unene wa ukuta wa ndani, na ukiwa chini ya milimita 5 mgonjwa huambiwa hana tatizo. Mwaka 2024 Daktari Kemi Doll wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti wa wanawake Weusi nchini Marekani. Waligundua kwamba kanuni hiyo ingewakosa zaidi ya 11 kati ya kila 100 waliokuwa na saratani. Fibroidi, ambazo ni nyingi mno kwa wanawake wa asili ya Kiafrika, huvuruga picha. Kwa mama wa Tandale au Kisumu hilo ni jambo la kulizingatia. Anayetokwa damu achukuliwe kinyama. Hufanywa kwa mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa mlangoni mwa kizazi, dakika chache tu, na mara nyingi bila kulazwa.

Yote niliyoyaeleza, ya daraja, ya kina, ya ganda la ovari, yanasimama juu ya kazi moja isiyoonekana na mgonjwa: namna nyama iliyotolewa inavyohifadhiwa na kusomwa. Fomalini hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa. Mfuko wa uzazi uliotumbukizwa mzima kwenye kopo dogo, bila kupasuliwa, huoza kwa ndani kabla dawa haijafika, na ndani ndiko ulipo ukuta wenye saratani. Inatakiwa ufunguliwe, na fomalini iwe nyingi, mara kumi ya ujazo wa nyama. Baadaye mtaalamu hupima kwa rula, hukata vipande kutoka kila sehemu, ikiwemo mirija yote miwili, huvigandisha kwenye nta, huchonga utando mwembamba kuliko unywele na kuupaka rangi ya zambarau na waridi. Ni kazi ya siku kadhaa. Akiharakisha na kukata kipande kimoja tu cha ovari, swali la IA3 au hatua ya tatu halitajibika kamwe.

Katika nchi zetu si jambo geni ndugu kukabidhiwa kopo baada ya upasuaji na kuambiwa alipeleke maabara mwenyewe. Hulibeba kwenye mfuko wa plastiki ndani ya daladala, na akifika huambiwa bei. Asipokuwa na fedha, kopo hukaa. Vizazi vingi vilivyotolewa kwa ajili ya fibroidi havijasomwa na mtu yeyote. Kwa maoni yangu gharama ya patholojia ingeingizwa kwenye bei ya upasuaji tangu mwanzo, ndani ya bima na nje ya bima, na hospitali yenyewe ndiyo isafirishe kopo. Mpasuaji anayetoa kiungo bila kujua kilikuwa na nini amefanya nusu ya kazi.

Ripoti ikirudi, mgonjwa au mwanawe aulize mambo yafuatayo: saratani ni ya aina gani na daraja gani, imechimba misuli kwa kiasi gani, kuna seli kwenye mishipa au hakuna, ovari ni moja au mbili, na ganda lake lilikuwa zima? Aulize pia kama protini zinazokarabati vinasaba zimepimwa, kwa sababu zikikosekana huenda pana kasoro ya kurithi, na dada zake na watoto wake wanahusika. Ripoti iliyoandikwa tu "saratani ya kizazi na ovari" haitoshi kuanzia matibabu. Vipande vya nta hudumu miaka mingi kwenye kabati bila hata jokofu, na mgonjwa ana haki ya kuomba vyake visomwe upya na mtaalamu mwingine, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Havihitaji hata yeye mwenyewe kusafiri. Vinaenda vikiwa ndani ya bahasha.